Bwawa la Mabayani na walio chini yake

Wana Tanga, juzi nimepita Mabayani na shemeji yangu fundi wa maji, lile bwawa la mto Zigi linalotunywesha sie wa mjini, nikamuuliza eti bwawa likipewa daraja la hatari kubwa ndo limeshapasuka? Akacheka, akasema daraja linaangalia bwawa likibomoka nani anakufa huko chini, hata liwe jipya kabisa. Uzima wake habari nyingine, kama ni tuta la udongo chungulia maji yanayovuja, yakiwa meupe afadhali, yakitoka na tope basi udongo wa ndani unaliwa polepole na huoni kitu juu. Derna kule Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili ya miaka ya 70 yalibomoka usiku mmoja, maelfu wakafa. Sasa hawa wanaonunua viwanja mabondeni chini ya mabwawa, nani anawaambia?