Mlango wa Marubani: Siku Moja Maishani Mwangu, Dar hadi Mwanza

Saa 10:30 alfajiri. Naripoti kazini, uwanja wa Julius Nyerere, jengo la tatu. Hali ya hewa, mafuta, uzito: tunamaliza haraka. Mwanza kuna mawingu upande wa ziwa, lakini hayatishi. Muda wangu mrefu nautumia na wahudumu wa ndege. Tunakubaliana nani ataingia chumba cha marubani leo, ataombaje kwa simu ya ndani, na atasemaje akiwa amelazimishwa na mtu. Hayo siyaandiki hapa. "Dada," namwambia kiongozi wao, "nikisema subiri, subiri, hata kama chai inapoa."

"Sawa, Kapteni."

Saa 11:40. Abiria wanapanda. Mtoto wa kama miaka sita anachungulia, mama yake anamvuta mkono. Injini hazijawashwa, breki imefungwa, basi nawakaribisha. Anakaa kitini mwangu, anashika usukani kwa mikono miwili, mama anapiga picha. Ruhusa hiyo huishia ardhini. Mwaka 1994 rubani wa Aeroflot, shirika la Urusi, aliwakalisha wanawe kwenye kiti hicho ndege ikiwa angani kwenda Hong Kong. Watu wote 75 walikufa.

Saa 11:55. Msimamizi wa safari anakuja anahema. Ndege imejaa, na kuna mheshimiwa mmoja amefiwa, mazishi ni leo Mwanza. "Kapteni, tumweke kile kiti cha nyuma yenu?"

Hapa ndipo kazi hii inapokuwa ngumu kwetu. Tumelelewa kutomfungia mtu mlango, tena mtu mzima, tena mwenye msiba. Lakini kiti kile ni cha mkaguzi wa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mwenye kitambulisho, rubani anayetahini wenzake, au mfanyakazi aliyeidhinishwa kwa maandishi. Hata huyo hupita kwangu kwanza. Nakwenda mwenyewe mlangoni kumwona. "Shikamoo mzee, pole sana kwa msiba. Mbele siwezi kukuweka." Ananitazama, hajibu. Kisha nakumbuka fundi wetu yumo kwenye orodha ya abiria, anasafiri kikazi na kibali anacho. Nakagua karatasi zake, nalinganisha picha na uso, naye anahamia kwetu. Mzee anapewa kiti chake, safu ya 14.

Saa 12:10 asubuhi. Mlango umefungwa, komeo limeingia, tunaruka. Mlango wenyewe ni mzito na haupitishi risasi. Nje kuna kibao cha namba, ndani kuna swichi ya kufungua au kukataa. Mhudumu akibonyeza namba ya dharura, kengele inalia kwetu na sekunde zinahesabiwa. Nisipokataa, unafunguka, maana huenda tumezimia wote wawili. Nikikataa, kibao kinafungwa kwa dakika kadhaa.

Zamani haikuwa hivi. Februari 1982 Boeing 737 ya Air Tanzania ilitekwa kwenye njia yetu hii, ikitoka Mwanza, ikapelekwa hadi Stansted, Uingereza. Tarehe 29 Desemba 2000 abiria aliyechanganyikiwa akili aliingia kwa marubani wa British Airways waliokuwa wakija Nairobi, akang'ang'ania usukani. Boeing 747 yenye watu karibu 400 ikaporomoka kabla hawajamdhibiti. Wakafika salama. Ilibidi yaje mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani, ndege zilipotekwa, ndipo milango ya namna hii ikawa lazima duniani, kuanzia Novemba 2003.

Saa 1:00. Rubani msaidizi anataka kwenda msalani. Simu kwanza. Toroli la chakula linawekwa kuziba njia, natazama skrini ya kamera, mhudumu mmoja anaingia, ndipo kijana anatoka. Sibaki peke yangu kamwe. Novemba 2013, ndege ya LAM, shirika la Msumbiji, ikitoka Maputo kwenda Luanda, msaidizi alitoka hivi hivi, kapteni akamfungia nje na kuiangusha ndege kwa makusudi. Walikufa watu 33, Namibia. Machi 2015 ikawa hivyo hivyo kwa Germanwings, shirika la Ujerumani, huko Ufaransa, watu 150, na safari hii aliyefungiwa nje alikuwa kapteni. Ulaya waliweka kanuni ya watu wawili, baadaye wakailegeza. Mimi siafiki. Mhudumu aliyekaa pale anaweza kufungua mlango, na hilo linatosha.

Saa 1:40. Mwanza. Chini ya futi 10,000 hakuna anayetupigia simu ila kwa jambo la usalama. Mzee anashuka, ananipa mkono.

Saa 3:50 hadi saa 8:00 mchana. Dar, Kilimanjaro, Dar tena. Shwari.

Saa 8:15. Kabla ya kukabidhi ndege naandika kitabuni kwamba taa moja ya kibao cha mlango haiwaki. Fundi wa zamu anauliza kama inaweza kungoja usiku. Ndege hii inakwenda Nairobi jioni na kapteni mwingine, namwomba aishughulikie sasa. Anafungua kifuniko, anaanza na nyaya.