Kumbukumbu ya insha yangu ya DO: rasimu ya sita, na bibi kaivuruga

Wengine humu jukwaani wanajenga mabanda ya kuku, wengine wanafufua Vespa za zamani, mimi mradi wangu ni karatasi moja. Herufi 5,300 pamoja na nafasi, ndo kipimo cha AACOMAS, ule mfumo wa kuombea vyuo vya udaktari wa osteopathia Marekani. Unatakiwa ueleze kwa nini unataka kuwa daktari, na kiukweli swali wanalolisubiri ni moja tu, kwa nini DO (digrii ya udaktari wa osteopathia) na si MD (ile ya udaktari wa kawaida). Ukisikia 5,300 unaona nyingi. Ngoja uanze kuandika.

Kwa ambaye hajui, huku kuna digrii mbili zinazokufanya daktari kamili. DO anaandika dawa, anapasua, analala zamu kama MD, na tangu 2020 hata mafunzo ya ubingwa ya wote yako chini ya msimamizi mmoja. Tofauti ni kwamba DO akiwa chuo anaongezewa kama saa 200 za kufundishwa mikono, yaani kupapasa misuli na maungio na uti wa mgongo, kujua palipokaza na kutibu kwa mikono hiyo hiyo. Na usimchanganye na osteopathi wa Uingereza, yule ana fani yake inayotambulika lakini si daktari. Mjomba wangu aliyeko Muscat nimemweleza hili mara nne, bado anawaambia watu nasomea mifupa.

Mimi ni wa Tanga, nipo Ohio mwaka wa sita huu. Usiku nafanya kazi nyumba ya wazee, kubeba box kama tunavyosema, ila box langu mimi linapumua na linaniita kwa jina.

9 Machi

Rasimu ya kwanza nimemaliza kwa siku moja, hapo tu ningeshtuka. Nimejaza zile kanuni nne za osteopathia: mtu ni kitu kimoja, mwili, akili na roho. Mwili unaweza kujiendesha na kujiponya. Umbo na kazi vinategemeana. Tiba nzuri ifuate hayo matatu. Nimezipanga kwa maneno matamu, herufi zaidi ya elfu moja zikaenda hapo, nikajiona nimeua.

Nikamtumia jamaa yangu Mkenya, yuko mwaka wa pili chuo cha DO. Akanijibu sauti ya sekunde kumi: "Buda, hii ni brosha. Hizo kanuni ni zao wenyewe, sasa unawasomea za kwao? Wewe uko wapi hapa?"

Nikanuna siku mbili. Ila kasema kweli.

16 Machi

Nikasema basi niingilie kwenye historia, huko nikapotea wiki nzima, maana huyu mzee Andrew Taylor Still, mwanzilishi wa osteopathia, si mtu wa kumsoma ukalala. Amezaliwa 1828 Virginia, daktari wa mipakani, huko walowezi walikokuwa wanahamia, baba yake pia daktari na mhubiri. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ikamchukulia watoto watatu, na yeye daktari yuko palepale, na dawa za enzi zile ndo zile unazozijua, kalomeli yenye zebaki ndani, kutapisha, kuharisha. Akaanza kuhoji kila kitu alichofundishwa. Tarehe anayoihesabu mwenyewe kuwa ndo mwanzo wa osteopathia ni 22 Juni 1874, na 1892 akafungua chuo Kirksville, Missouri, na darasa la kwanza kabisa lilikuwa na wanawake ndani, wakati vyuo vingi vilikuwa vinawafungia mlango.

Sasa mimi naona hivi. Yule mzee msiba ulimfanya awe sahihi kuhusu zebaki, na msiba huohuo ukamvusha mpaka, akafika pa kuamini karibu kila ugonjwa una mzizi wake kwenye mifupa iliyosogea. Dawa karibu zote alizitupa, nzuri na mbaya. Madaktari wa DO wa leo wanaandika antibayotiki kama kawaida, hawajamfuata huko, na nadhani ni heshima kubwa zaidi kumfuata mtu pale alipopatia na kumwacha pale alipokosea.

Na kuna kisa cha California lazima nikiweke hapa maana kwenye insha hakikukaa. 1962 kule wakaunganisha DO na MD, DO akilipa dola 65 anapewa karatasi ya MD. Zaidi ya elfu mbili wakalipa. Umekuwa daktari miaka ishirini, unalipa dola 65, kesho yake unaitwa daktari mwingine na mikono ni ileile! Nilicheka usiku peke yangu kazini mpaka mzee wa chumba cha kona akauliza kuna nini.

Rasimu ya pili ikawa nzuri kuisoma ila ni insha ya Still. Aombe yeye basi.

2 Aprili

Rasimu ya tatu ni ya bibi. Bibi yangu upande wa mama ni mkandaji, mtaa mzima unamjua, aliyeteguka mguu, mzazi wa siku arobaini, mvuvi aliyekazwa shingo, wote kwake. Malipo kilo ya sukari, siku nyingine kanga, siku nyingine ahsante. Nikaandika mafuta ya nazi yanachemka na karafuu, nikaandika upepo wa bahari, nikaandika mikono yenye hekima ya vizazi. Mshauri mmoja wa mambo ya maombi akasoma akaniambia machozi yalimlenga, ndo hii, usiguse kitu.

Na mimi ndo nikaanza kuona aibu. Kwanza kwa bibi mtaani kwake upepo wa bahari hausikiki, unasikia jenereta la mashine ya kusaga. Pili, nimemvalisha bibi nguo za watalii. Tatu, na hili lilinikosesha usingizi, mtu mwenye akili akisoma atauliza, kama sababu yako ni bibi anakanda, si ukasomee ukandaji? Miezi michache tu, umemaliza. Miaka minne ya chuo na mingine ya ubingwa na madeni yote yale ya nini? Nilikuwa sina jibu.

Rasimu ya nne tuiache. Nilijaribu kuunganisha brosha, Still na bibi. Pilau, biriani na ugali sahani moja.

20 Aprili

Nimepata daktari wa DO wa kumfuata kazini, mama mmoja wa makamo, kliniki ya kawaida tu, sukari, presha, watoto wenye mafua. Nimekaa naye siku sita. Nilikuwa nasubiri kwa hamu aguse mtu, siku tatu za kwanza hakumkanda mtu yeyote, nikaanza kuwaza nimeingia choo cha kike. Baadaye ndo nikaelewa kwamba madaktari wengi wa DO wakishaanza kazi hawatumii mikono sana, muda wenyewe hautoshi. Yeye anatumia, ila kwa anayehitaji.

Siku ya nne kaingia dereva wa lori (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane), mgongo wa chini, anatembea kama amebeba ndoo imejaa. Mimi macho kwenye mikono ya daktari. Mikono iko mapajani kwake. Anauliza. Ganzi ipo? Ipo wapi, sehemu za kukalia je? Mkojo unatoka vizuri? Homa? Umepungua uzito bila kutaka? Uliwahi kuwa na saratani? Akamwambia asimamie visigino, asimamie vidole, akampima nguvu za miguu. Dakika kumi nzima hajagusa mahali panapouma.

Halafu ndo akagusa. Akatafuta kwa kidole kimoja pembeni ya uti wa mgongo mpaka jamaa akaruka, hapo hapo. Akakiacha kidole palepale, akamlaza kifudifudi, akaupandisha mguu mmoja na kuuzungusha taratibu mpaka jamaa akasema sasa hapaumi. Akatulia. Akatazama saa ya ukutani. Sekunde tisini. Hakuna kubinya, hakuna kulia kwa mfupa, kidole kinasikiliza tu. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, sekunde tisini ni nyingi aisee, jamaa wa lori akaanza kupumua kama mtu anayesinzia. Akamrudisha mguu polepole, yeye ndo anaubeba, mgonjwa hasaidii.

Maumivu yalikuwa nane kwa kumi, yakawa tano. Tano, sio sifuri. Akamwandikia dawa, akamfundisha mazoezi mawili, akamwambia ukiona ganzi inapanda au mkojo unagoma usinisubiri mimi, nenda emajensi.

Nikamuuliza baadaye haya mambo yana ushahidi? Akasema kwa mgongo wa chini upo wa kiasi chake, kwa kukanda fuvu yeye hafanyi maana hajaona wa kumridhisha. Nilimpenda hapo hapo. Watu wengi ukiwauliza kuhusu kitu chao wanakiuza chote jumla.

23 Aprili, saa kumi alfajiri

Niko kazini, tunageuza wazee kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia. Nimeshika kigimbi cha bibi mmoja ili niweke mto chini, kikanijia kisa ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Alikuja mama mmoja kwa bibi, amejifungua wiki chache nyuma, mguu mmoja umevimba, mwingine mzima. Kaja kukandwa, mafuta yameshapashwa moto, mimi ndo nilikuwa nashika bakuli. Bibi akaweka kiganja kwenye kigimbi, akakitoa. Akaweka kwenye mguu wa pili. Akarudi kwenye ule wa kwanza. Akaniambia rudisha mafuta jikoni. Akawaambia ndugu wa yule mama, "Huu mguu siukandi. Mpelekeni hospitali ya Bombo sa hivi, msipite nyumbani kuchukua nguo." Wale ndugu wakakasirika, mbona fulani umemkanda, sisi ndo huna muda nasi? Hakubishana, alishatoka kuwatafutia gari.

Leo najua alikuwa anaogopa nini, au nadhani najua. Mguu mmoja umevimba, una joto, mzazi wa juzi: damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukiukanda, lile donge linaweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu. Bibi hajasoma hata darasa la pili.

Nikaandika nyuma ya karatasi ya zamu, nimeiweka mpaka leo: mkono unaouliza kwanza.

Hilo ndo jibu la lile swali la ukandaji. Mama wa kliniki na bibi yangu hawafanani kwa kukanda, wanafanana pale wanapojizuia. Ila bibi akishasema siukandi, kazi yake imeisha, anatafuta gari. Mimi nataka niwe mtu wa upande wa pili wa hilo gari, anayepima, anayejua ni nini, anayetoa dawa ya kuzuia damu isiendelee kuganda, na siku nyingine aliye na mgongo umekaza nimshike mwenyewe kwa mikono, nisimtume kwa mtu mwingine.

4 Mei

Mfumo umefunguliwa. Rasimu ya tano ilikuwa na herufi 6,840, nimekata kama mtu anayepalilia. Still ametoka wote. Kanuni nne zimetoka zote. Karafuu imetoka. Sekunde tisini zimebaki, bakuli la mafuta limebaki. Mkenya kasoma, kajibu, "Sasa nakuona." Hakuongeza kitu.

Rasimu ya sita: herufi 5,271. Katikati kuna mistari nayoipenda, kwa Kiswahili inakuwa hivi: "Bibi alijua. Hakuwa na jina la ugonjwa, lakini kiganja chake kilijua, akaniambia rudisha mafuta jikoni."

18 Mei

Nimetoka zamu, huku saa moja asubuhi, Tanga saa nane mchana, nikajua bibi ameshaswali ameshakula. Nilitaka ruhusa tu maana ni maisha yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu, umekula?"

Nikamsomea, namgeuzia kwa Kiswahili papo hapo. Akacheka pale pa ndugu waliokasirika, akanirekebisha kwamba bakuli lilikuwa la bati si la udongo, na kwamba gari alilotafuta lilikuwa pikapu ya muuza mkaa. Nikafika kwenye mistari yangu. Bibi alijua. Kiganja chake kilijua.

Akanyamaza. Nikadhani mtandao. "Bibi?"

"Kiganja hakijui kitu, baba. Unadhani nilijuaje?"

Akanieleza alijuaje. Alinieleza kama mtu anayeeleza jambo ambalo hajawahi kuulizwa, polepole, anaruka jina. Lilikuwa la miaka mingi kabla sijazaliwa, na haukuwa mguu wa yule mama. Alipomaliza akasema, "Hilo usiwaandikie Wazungu." Nikasema sawa bibi. Huku pia siliandiki.

Nimefungua kompyuta, nimefuta ile mistari miwili. Kilichobaki ni bibi anaweka kiganja, anatoa, anaweka mguu wa pili, anarudi, ananiambia rudisha mafuta jikoni. Hakuna tena "alijua". Bakuli ni la bati. Herufi 5,188. Kesho usiku niko ofu, naituma.