Dakika 18

Huu ni mwaka wangu wa pili nikiwa mwalimu msaidizi katika chekechea ya Kiyahudi kaskazini mwa London, na kila Pasaka yao inapokaribia ninagundua kwamba sijui mengi kuhusu unga wa ngano, ingawa nimesukuma chapati tangu utotoni, jikoni kwa mama yangu Tanga.

Mwaka jana nilifika darasani na mfuko wa makaroni ili watoto watunge mikufu. Mwalimu wa darasa aliupokea kwa upole na kuurudisha katika mkoba wangu, akanieleza kwamba makaroni ni hametzi, yaani chakula cha nafaka iliyopata maji na muda wa kuumuka, na kwamba mikufu ile ingeingia katika nyumba ambazo wazazi wanakung'uta hata mifuko ya makoti ili isibaki chembe ya mkate. Siku iliyofuata tulitupa pia udongo wa kuchezea, kwa kuwa huwa tunaukanda kwa unga, chumvi na mafuta.

Vyura wa karatasi za kijani, kwa ajili ya pigo la pili la Misri, tulivimaliza upesi. Kazi hasa ilikuwa kuoka matza, mkate usiotiwa chachu. Tangu maji yanapogusa unga hadi mkate unapoiva zisipite dakika 18, kwa sababu Waisraeli walitoka Misri kwa haraka na donge lao halikupata nafasi ya kuumuka. Tuliweka saa mezani, nikamimina maji, watoto wa miaka minne wakakanda, nami, kwa mazoea ya miaka mingi, nikachukua kitambaa na kulifunika donge ili lipumzike. Msichana mmoja akapiga kelele: "Mwalimu, usililaze!" Tulisukuma kama tunaofukuzwa, tukatoboa kwa uma ili mkate usifure, na tukaitoa tanurini ya mwisho katika dakika ya 17, ngumu na imeungua pembeni. Hiyo ilikuwa ya kujifunzia tu. Matza ya mezani usiku wa Seder, yaani mlo wa ibada unaofungua Pasaka, hutengenezwa kwa uangalizi mkali zaidi.

Kisha tukatengeneza haroseti, inayokumbusha udongo ambao watumwa walijengea. Tulikuna matufaha, tukatia mdalasini na juisi ya zabibu, hatukutia njugu za jozi kwa sababu ya watoto wenye mzio. Mvulana ambaye babu yake alitoka Baghdad aliitazama bakuli kwa mashaka akasema kwao hutumia asali ya tende. Nilimuunga mkono moyoni, maana tufaha lililokunwa halifanani na udongo hata kidogo, na tende inafanana nao kabisa.

Usiku wa Seder mtoto mdogo kuliko wote huuliza maswali manne kuhusu tofauti ya usiku ule, na nadhani wanafunzi wetu wameanza mazoezi mapema. Tulipokuwa tunafuta meza, yule msichana wa donge akaniuliza kwa nini nilitaka kulifunika. Nikamjibu kwamba kwetu donge la chapati hupumzishwa nusu saa ili liwe laini.

"Kwa hiyo ninyi hamkuwa mnamkimbia mtu?"

Nikamwambia hapana, sisi tulikuwa tunasubiri chai ichemke.