Irving na bahasha yake

Mtu aliyeitazama Roman Holiday ukimuuliza anakumbuka nini, atakutajia Audrey Hepburn na nywele zake fupi, kisha Gregory Peck, kisha ile pikipiki ya Vespa. Sina ugomvi na hao wote. Ila mimi nakula kwa kamera, na jana usiku nilipoirudia filamu hiyo nilijikuta namtazama mtu wa tatu, yule mpiga picha mwenye ndevu, Irving Radovich, aliyeigizwa na Eddie Albert. Nimeamka naye kichwani. Leo Jumapili sina harusi ya mtu, basi acha niandike.

Kwa ambaye hajaiona, nitaieleza haraka. Ni filamu ya 1953, nyeusi na nyeupe, mwongozaji William Wyler. Binti mfalme Ann (ndiye Hepburn), wa nchi isiyotajwa jina, yuko kwenye ziara ya miji mikuu ya Ulaya. Kila kitu anapangiwa: saa ya kulala, mtu wa kumpa mkono, maneno ya kujibu, hata maziwa ya usiku. Akiwa Roma anapasuka kwa kilio. Daktari anamchoma sindano ya kumtuliza, na kabla dawa haijamkolea anatoroka ubalozini ndani ya gari la mizigo. Joe Bradley (ndiye Peck), mwandishi wa habari Mmarekani asiye na kitu mfukoni, anamkuta kando ya barabara amelala juu ya ukuta, anadhani amelewa, anampeleka kwake. Asubuhi anagundua ni nani. Hamwambii kitu. Anakimbilia kwa mhariri wake, wanakubaliana dola 5,000 kwa mahojiano ya binti mfalme pamoja na picha, halafu anarudi kumtembeza mjini. Siku nzima yeye anajifanya si mwandishi, na binti anajifanya mwanafunzi aliyetoroka shule.

Ziara za namna hiyo hapa kwetu si hadithi. Februari 1952 Elizabeth wa Uingereza alikuwa Kenya, amelala juu ya mti kule Treetops, Nyeri, usiku ule baba yake alipofariki. Alipewa habari Sagana, naye ana miaka 25, na ziara ikaishia pale pale. Kiangazi cha Ulaya cha mwaka huo huo Wyler alikuwa Roma akirekodi filamu hii. Watazamaji wa kwanza hawakuhitaji kuelezwa kwamba mtu wa aina ile hana siku yake mwenyewe.

Sasa Irving. Joe na binti wamekaa nje ya mkahawa karibu na Pantheon, Irving anafika, anavuta kiti, anamwangalia msichana na kuanza kusema jinsi anavyofanana na fulani. Teke chini ya meza. Haelewi, anaanza tena, anamwagiwa kinywaji nguoni. Bado hajaelewa. Safari hii kiti kinamtoka na yeye yuko chini. Joe anamvuta ndani kwa kisingizio cha kumfuta nguo, na humo ndimo wanapoelewana.

Mazungumzo yao ya mgawo yamenichekesha kuliko vichekesho vyote vya filamu. Robo ni yako, Joe anasema. Irving anapiga hesabu ya robo ya 5,000 kichwani, anajiongezea: 1,500. Joe anamrekebisha: 1,250. Wanashikana mikono. Mkono haujapoa, Joe anamkopa lire 30,000 za kumtembezea mgeni. Yaani mpiga picha ndiye anayegharamia kazi ambayo hajalipwa! Wenzangu wa kamera mnaijua hiyo. "Wewe tangulia na mafuta ya gari, tutamalizana baada ya sherehe."

Anarudi mezani na laita. Anamwashia binti mfalme sigara yake ya kwanza maishani na papo hapo anampiga picha, kwa sababu laita yenyewe ni kamera. Kifaa hicho hakikutungwa na watu wa sinema. Kilikuwa kinauzwa, kinaitwa Echo 8, kimetengenezwa Japani, kinatumia filamu yenye upana wa milimita 8. Hapa lazima nilalamike kidogo kama fundi. Picha ambazo Irving anakuja kuzionyesha kesho yake ni kubwa, za kushikwa kwa mikono miwili, na zimetoka safi, jicho linaonekana, moshi unaonekana. Kwa kipande cha filamu kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho? Aniambie alisafishia studio gani. Lakini namsamehe, maana yule jamaa anafanya kazi. Anawafuata wenzake walio kwenye Vespa, yumo nao kituo cha polisi, na usiku kwenye dansi ya ile mashua chini ya Castel Sant'Angelo, walinzi wanapokuja kumkamata binti na ngumi zikaanza, binti anamtwanga mmoja kichwani kwa gitaa. Irving anafanya nini? Anamhimiza ampige tena, apate picha.

Kuhusu Roma yenyewe ningeweza kuandika mpaka asubuhi, nitasema machache. Wyler aliutaka mji halisi, hakutaka mji wa mbao uliojengwa Hollywood, na Paramount nao walikuwa na fedha zao Italia ambazo hazikuruhusiwa kutoka, ikawa nafuu kuzitumia huko huko. Rangi ikakosekana kwa ajili ya bajeti. Mimi nasema afadhali. Nyuma ya kamera walikuwa Franz Planer na Henri Alekan, na ukitazama namna jua la Roma linavyogonga zile kuta za mawe kisha vivuli vikaanguka vyeusi kabisa, huikumbuki rangi. Mdomo wa Kweli, ile sura ya jiwe inayosemekana humng'ata mwongo mkono, nauruka, umesimuliwa na kila mtu. Nawapa kitu kingine: kwenye ngazi za Piazza di Spagna, binti anapokula aiskrimu, itazameni saa ya kanisa la Trinità dei Monti nyuma yao. Inaruka mbele, inarudi nyuma. Mazungumzo ya dakika chache yalirekodiwa kwa saa nyingi, na saa ya kanisa haikuambiwa kwamba ni sinema. Tangu 2019 kuzikalia ngazi hizo ni kosa, faini yake inaanzia euro 250. Binti mfalme angerudishwa ubalozini na risiti.

Jambo moja la jina. Kwenye filamu hadithi iliandikwa ni ya Ian McLellan Hunter, na Hunter ndiye aliyepewa Oscar ya hadithi. Aliyeitunga ni Dalton Trumbo. Trumbo alikataa kujibu maswali ya kamati ya bunge la Marekani iliyokuwa ikisaka wakomunisti mwaka 1947, akafungwa jela, na Hollywood ikamfungia kazi. Hunter akamwazima jina. Trumbo alikufa 1976, na Oscar yake ilikabidhiwa kwa mjane wake, Cleo, mwaka 1993. Nikiwaza hivyo ndipo naona kwa nini filamu hii imejaa watu wanaoficha majina yao na kwa nini haiwahukumu. Peck naye, ambaye mkataba ulimpa jina kubwa peke yake kwenye matangazo ya filamu, aliwaambia jina la Hepburn, yule msichana mgeni, lipandishwe liwe sawa na lake. Msichana mgeni akachukua Oscar.

Turudi kwa Irving, maana sehemu inayoniuma iko mbele.

Asubuhi ya siku ya pili binti ameshajirudisha mwenyewe ubalozini. Joe anamwambia mhariri hakuna habari. Anapoteza 5,000, na juu yake anadaiwa dola 500 za dau aliloweka kwamba ataipata. Irving hajui lolote, anaingia kwa furaha na picha zake mkononi, na maskini anamwagiwa kinywaji tena. Mhariri akishaondoka, Irving anauliza kama Joe amepata mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri zaidi. Anaulizia kazi, hana kosa. Wanazitandaza picha, wanaanza kuzitungia vichwa vya habari, binti mfalme akagua polisi, hapana, polisi wamkagua binti mfalme, wanacheka kama watoto. Kisha Joe anaacha kucheka. Irving anabisha: binti mfalme ni halali kuwindwa wakati wote, wewe umechanganyikiwa. Joe anamjibu jambo la haki, kwamba hawezi kumzuia, auze akitaka, atapata bei.

Pimeni hapo. Joe amezikosa fedha, lakini alipata siku nzima, alipata dansi, alipata busu akiwa amelowa maji ya mto Tiber. Ana sababu. Irving alipata nini? Suruali iliyomwagiwa mara mbili, kiti kilichomtoka, na lire 30,000 zilizokwenda. Hakupendwa na mtu. Picha ni zake, alizipiga kwa jasho lake, na rafiki yake amempa ruhusa. Mtu wa namna hiyo akiuza nani atamlaumu?

Tukio la mwisho lilirekodiwa Palazzo Colonna. Waandishi wamepangwa mstari, binti anaingia na mabalozi wake, anawaona Joe na Irving katikati ya waandishi wengine, na uso unabadilika kidogo sana. Sasa amejua walikuwa nani. Anaulizwa kuhusu urafiki wa mataifa, anajibu kwamba ana imani nao, kama alivyo na imani na uhusiano baina ya watu. Joe anasema, kwa niaba ya shirika lake la habari, kwamba imani hiyo haitasalitiwa. Yote kwa lugha ya ofisini, mbele ya umati, na hakuna aliyeshtuka.

Halafu inatangazwa kwamba picha zinaruhusiwa. Irving anatoa laita, ile ile, anainyanyua waziwazi na kubonyeza. Nilirudisha nyuma hapo. Jana yake alikuwa akimwibia. Leo anamwonyesha: hii ndiyo niliyokupigia. Binti anaiona, anaelewa kwamba siku yake yote imo ndani ya kile kidude. Anashuka, anawapa mkono waandishi mmoja mmoja. Akifika kwa Irving anakabidhiwa bahasha, kwa adabu zote, kumbukumbu ya ziara yake Roma. Anachungulia. Ya juu ni ile ya gitaa. Anashukuru, anasogea kwa anayefuata.

Kijana ninayefanya naye kazi studio tuliitazama pamoja, na hapo ndipo tulipogombana.

"Kaka, huyu jamaa ni mjinga," akasema. "Ameshatoa picha, sawa. Negativu ziko wapi?"

Nilikaa kimya maana swali ni la kweli. Bahasha ina picha zilizosafishwa. Filamu haisemi neno lolote kuhusu negativu, yaani ule utepe wa kamera ambao picha husafishwa kutoka kwake. Kesho yake Irving angeweza kurudi nyumbani akasafisha seti nyingine na kuiuza, binti akiwa tayari ameshapanda ndege. Kijana alishaanza kuhesabu: bei ya mwaka ule, bei ya leo, mnada wa mtandaoni.

Nikamkumbusha picha ya yule mjomba. Tulikuwa kwenye send-off moja, mzee mzima, ameheshimika kutwa nzima, wimbo ukapigwa akaingia kati na suruali ikaachia mshono nyuma. Niliipata vizuri mno. Ndugu mmoja akaja mbio kuniomba niitupie kwenye grupu la familia, tena alikuwa tayari kutoa chochote. Mimi niliisafisha moja, nikampa mjomba mwenyewe mkononi wakati tunakabidhi albamu. Alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kujifuta macho, akaiweka ndani ya koti. Picha ile ile, ingepita kwenye grupu kwanza, yule mzee asingekanyaga tena sherehe ya ukoo. Kijana anakumbuka vizuri, ndiye aliyeshika taa siku hiyo.

"Lakini kaka, ile faili si bado tunayo kwenye kompyuta?"

Tunayo. Na mjomba anajua tunayo, kila tukikutana ananiuliza mke wangu hajambo na biashara inaendaje, haulizi lingine. Nadhani binti mfalme alikuwa pale pale alipo mjomba. Alikuwa ameshasema mbele ya mabalozi kwamba ana imani na watu. Dakika chache baadaye anapewa bahasha na mtu aliyempiga picha kwa siri kutwa nzima, na hana njia ya kujua kilichobaki nyumbani kwa mtu huyo. Wengi humkumbuka Joe akitoka peke yake kwenye ule ukumbi mrefu, viatu vikilia. Mimi nilikuwa bado namwangalia binti akisema asante, uso umetulia, mkono tayari kwa mwandishi anayefuata.

Kijana hakuridhika. Alisema yeye angekuwa binti mfalme angeinama kidogo, kama mtu anayerekebisha glavu, akanong'ona: na negativu je?

"Mbele ya mabalozi?"

"Kimya kimya tu, kaka."

Nikamwambia ndiyo maana hawatakualika ikulu, azime taa akalale, tuna kitchen party ya kuhariri.