Wakati wa Jua Kupunga

Neno la wiki: "BWANA akuangazie nuru za uso wake, na kukufadhili." (Hesabu 6:25)

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Tafakari ya wiki hii imeanzia kwenye viti viwili vilivyokaa nje ya mlango wetu wa nyuma tangu kiangazi kilipoingia. Kimoja cha mume wangu, kimoja changu. Kati yao kuna kigoda cha kuwekea vitu.

Yeye ana redio zake. Ni redio kuukuu, nyingine umri wake unakaribia wetu. Anazipokea kwa watu waliokata tamaa nazo, anazifungua kwa bisibisi, anazifuta vumbi, analehemu nyaya zilizoachana, mpaka siku moja sauti inatoka. Mimi asubuhi nina vyungu vyangu vya maua, na jua likianza kulegea nachukua sindano zangu nafuma. Watoto wameshaanza maisha yao. Siku ni ndefu. Huku kaskazini mwa dunia tunakoishi, saa tatu usiku bado unaweza kusoma bila kuwasha taa. Ungetuona tumekaa pale ungesema hawa wamebarikiwa, na kweli tumebarikiwa.

Lakini nitawaambia kilichotokea wiki ya tatu.

Dada yangu mkubwa ni mgonjwa. Kwa siku tatu mfululizo nilikuwa nimemweleza mume wangu, pale pale kwenye viti, kwamba dada hajapata nafuu na kwamba usiku silali vizuri. Kila siku aliitikia "mh," bisibisi mkononi. Siku ya nne akaniuliza kwa upole kabisa: "Hivi dada anaendeleaje? Siku hizi humtaji."

Sikujibu. Niliingia ndani nikasimama jikoni muda mrefu.

Nikiwa nimesimama pale, Bwana akanikumbusha jambo ambalo sikulitaka. Wiki moja kabla, mume wangu alikuwa amesema, kana kwamba anajisemesha mwenyewe, kwamba anaogopa kustaafu. Kwamba hajui atakuwa nani asubuhi ya kwanza asiyokwenda kazini. Mimi wakati huo nilikuwa nahesabu vitanzi vya mkono wa sweta. Nilisema "ndiyo" nikaendelea kuhesabu. Hajalirudia tena.

Hatukugombana. Pengine ingekuwa afadhali tungegombana, maana ugomvi angalau unawatazamisha watu.

Jioni iliyofuata ni yeye aliyeanza. Aliweka bisibisi kwenye kigoda, akavaa miwani ya kusomea, akasema, "Mama, weka sindano kidogo. Nikusomee kitu." Akafungua simu akanisomea habari moja kwa sauti, taratibu, kama alivyokuwa akiwasomea watoto. Tangu siku hiyo ndio utaratibu wetu. Jua likishapungua makali, mmoja anasoma, mwingine anaacha mikono itulie. Si Biblia, Biblia tunasoma asubuhi. Ni habari tu za dunia, zile zinazomfanya mtu aseme "kumbe!" Tumesoma za ndege mdogo wa baharini, wa jamii ya buabua, mwenye uzito wa gramu 100 hivi, ambaye kila mwaka huruka kutoka nchi za barafu za kaskazini hadi za kusini na kurudi, safari ya zaidi ya kilomita 70,000, na kwa hiyo hupata viangazi viwili kwa mwaka mmoja. Tumesoma za kokwa la tende la miaka kama 2,000, lililofukuliwa Masada, ngome ya kale huko Israeli, likapandwa mwaka 2005 na likaota mtende. Mtende huo ukawa dume, na mtende dume peke yake hauzai. Miaka ikapita mpaka kokwa jingine la kale likatoa mtende jike, wakaupa jina la Hana, na Hana akazaa. Hiyo niliomba aisome mara mbili.

Ila ile ya kwanza ndiyo iliyonishika. Nilikuwa sikuijua, pamoja na shule niliyosoma.

Mimi siku zote nilidhani kiangazi ni dunia kulikaribia jua. Sivyo. Kwetu sisi tulio upande wa kaskazini wa dunia, mwanzoni mwa Julai, joto linapotufukuza ndani, dunia iko mbali na jua kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka: kilomita milioni 152 hivi. Mwanzoni mwa Januari, tunapojikunyata kwa baridi, ndipo iko karibu zaidi, kama milioni 147. Tofauti ni kilomita milioni tano, na ziko kinyume na nilivyodhani. Kinacholeta kiangazi ni kwamba mhimili wa dunia umeinama, nyuzi 23.4 hivi, na miezi hii upande wetu umelielekea jua. Miale inatupiga kutoka juu zaidi na kwa saa nyingi zaidi. Ndugu zetu wa kusini kabisa, ambao Julai hii wamejifunika mablanketi, wako kwenye dunia ile ile na umbali ule ule. Wao upande wao umegeukia pengine.

Mume wangu alipomaliza kusoma alinyamaza. Nami nikanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo mtu anaweza kuwa karibu na bado akawa kwenye baridi."

Nimekaa na sentensi hiyo mwezi mzima.

Katika lugha yetu, neno kiangazi na neno kuangaza ni ndugu wa tumbo moja. Sasa rudi kwenye ile baraka ambayo Mungu alimfundisha Musa, ili Haruni na wanawe wawabariki nayo Israeli: "BWANA akuangazie nuru za uso wake." Tumeisikia mwisho wa ibada mara nyingi kiasi kwamba tunaipokea huku tunatafuta viatu vya watoto. Isikilize upya. Haisemi Bwana akusogelee. Mungu tayari hawi mbali na kila mmoja wetu; Paulo aliwaambia Waathene hivyo, tena watu ambao hawakumjua. Kinachoombwa katika baraka ni uso. Mara mbili: akuangazie nuru za uso wake, akuinulie uso wake. Haruni alikuwa anawaombea watu kiangazi.

Na nyumba nyingi za waamini (nasema kwa upendo, na nimeanza na yangu) zina ukaribu wote: kitanda kimoja, meza moja, kanisa moja, viti viwili vilivyogusana. Uso ndio haupo. Uko kwenye simu, au kwenye kazi njema. Redio si dhambi. Sweta si dhambi. Hili ninalofuma ni la mjukuu. Vitu vizuri kabisa vinaweza kumgeuza mtu nyuzi chache tu, na nyuzi chache zinatosha.

Zinatosha kiasi gani, tulijifunza kwa habari nyingine, ambayo bila shaka mume wangu aliichagua kwa sababu ina antena ndani yake. Mwaka 1977 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilirusha chombo kiitwacho Voyager 2. Kilipita kwenye sayari kubwa za mbali, kikaendelea kwenda, na mpaka leo hakijarudi wala hakitarudi. Tarehe 21 Julai 2023, kikiwa umbali wa karibu kilomita bilioni 20, kilitumiwa amri ambazo kwa bahati mbaya zilikigeuza antena. Waliacha kusikilizana. Antena ilikuwa imegeuka nyuzi mbili tu kutoka kwenye uelekeo wa dunia.

Nyuzi mbili! Mfumaji yeyote anajua uzi ukiponyoka unavyoondoka na jirani zake, lakini hizi ni nyuzi za kupimia pembe, na ni kidogo hata jicho lisingeona. Redio yake ilikuwa nzima. Umeme wake ulikuwepo. Chombo kiliendelea kusema, ila kilisemea pembeni.

Siku chache baadaye, mitambo ya kusikilizia ilinasa kitu hafifu kutoka kwake, wakakifananisha na mapigo ya moyo: kipo, kinaishi, lakini hakuna ujumbe unaosomeka. Nilipomsikia mume wangu akisoma hapo, sikuweza kumtazama. Ndivyo tulivyokuwa sisi siku zile. Kila mmoja alijua mwenzake yupo. Mapigo yalisikika. Ujumbe ndio haukufika.

Nao wangeweza kungoja. Chombo kile kimewekewa utaratibu wa kujielekeza upya chenyewe mara kadhaa kwa mwaka, na zamu iliyofuata ilikuwa Oktoba 15. Wangesema, "Tusihangaike, yatajirekebisha yenyewe." (Ni maneno ambayo nimeyasikia katika ushauri wa ndoa mara nyingi mno, na mara nyingi Oktoba hiyo haiji.) Hawakungoja. Kutoka kwenye mtambo mkubwa wa Canberra, Australia, walikiita kwa nguvu zote walizonazo, wakitumaini kwamba japo kimegeuka kitasikia. Sauti ilisafiri saa 18 na nusu kufika. Ikabidi wangoje saa nyingine kama hizo kupata jibu. Na tarehe 4 Agosti kikajibu. Kilikuwa kimegeuka.

Hapo mume wangu alifunga simu, akachukua Biblia kutoka ndani, akaenda moja kwa moja kwenye Mwanzo 3. Mimi nilikuwa nimeshafika huko kichwani kabla yake.

Mume na mke, bustani, jioni. Biblia yetu ya Kiswahili inauita "wakati wa jua kupunga", saa ile ile ya viti vyetu. Bwana Mungu anatembea bustanini, nao wamejificha kati ya miti. Angeweza kungoja watoke wenyewe. Lakini aliita: "Uko wapi?" Nimesikia mahubiri yanayolisoma swali hilo kama la askari anayemtafuta mhalifu. Sidhani. Aliyeumba ile miti alijua kabisa mtu yuko nyuma ya mti upi. Naamini ni wito unaotumwa kwa aliyegeuka, ambaye hawezi kusikia vizuri kwa kuwa amegeuka, na bado anaitwa. Sisi hatukuanza kumgeukia Mungu. Tuliitwa tukiwa tumempa mgongo.

Kisha tazama jinsi Adamu anavyomzungumzia mkewe. Katika sura ya pili, alipoletewa, alisema: "Sasa huyu ni mfupa katika mifupa yangu." Katika sura ya tatu anasema: "Huyo mwanamke uliyenipa." Huyu, halafu huyo. Wako bustani ile ile, pengine nyuma ya mti ule ule, na amekwisha kumsogeza mbali kwa herufi moja. Ndugu yangu uliyeoa, dada yangu uliyeolewa, jisikilize wiki hii unapomtaja mwenzako mbele ya watu. Jisikilize hasa ukiwa umechoka.

Najua wapo kati yetu ambao kiti cha pili kiko wazi. Wengine kwa kifo, wengine kwa mtu aliyeondoka, wengine hakijawahi kukaliwa. Nimeogopa kuandika haya kwa ajili yenu. Lakini swali la bustanini liliulizwa kwa umoja: si "Mko wapi?" bali "Uko wapi?" Na ile baraka ya Haruni nayo ni ya umoja, kutoka mwanzo mpaka mwisho: akubarikie, akulinde, akuangazie. Inamfikia mtu mmoja aliyekaa peke yake jioni bila kupungua chochote. Wenye viti viwili, wiki hii mwalikeni mmoja wao, nanyi leteni kiti cha tatu.

Tuombe. Bwana, uliyetuita tukiwa nyuma ya miti, tuinulie uso wako. Tugeuze kwako, na utugeuze sisi kwa sisi. Amina.

Naongeza jambo moja. Alhamisi jioni ilikuwa zamu yangu kusoma, lakini kabla sijafungua simu mume wangu aliniuliza, "Uko wapi, mama?" Nikamwambia niko kwa dada. Nikamweleza yote tena, tangu mwanzo. Nilipomaliza nikamuuliza na yeye habari ya ile asubuhi ya kwanza ya kustaafu, naye akashangaa kwamba nilisikia. Tulizungumza mpaka giza likaingia, na kiangazi giza linachelewa. Kisha akaomba namba, akampigia dada yangu mwenyewe. Walizungumza karibu saa nzima. Nilimsikia akimwambia, "Shemeji, nisamehe nimechelewa."