Mwaka huu nimelipia mbwa wawili

Bahasha ilikuwa ile yenye kidirisha cha plastiki. Mlioko Ujerumani mnaijua. Hakuna aliyewahi kualikwa harusini kwa bahasha ya kidirisha. Niliifungua nikiwa bado nimesimama kwenye visanduku vya barua, mkate kwapani, nikasoma kwamba natakiwa kulipa euro 3,218.44 kwa sababu mwezi Novemba mbwa wangu alimng'ata mtu.

Kung'ata aling'ata kweli, sibishi. Kashata alimng'ata jirani yetu wa ghorofa ya pili na mimi nikiwepo. Kilichonichoma ni jina la anayedai. Jirani mwenyewe hakuniandikia dai lolote. Anayedai ni mfuko wake wa bima ya afya, ambao ulimlipia matibabu na sasa unataka hela yake irudi. Wiki mbili baadaye ikaja bahasha nyingine ya kidirisha, safari hii kutoka kwa mwajiri wake. Jirani anafanya kazi kiwanda cha mikate, alikaa nyumbani wiki tatu, mwajiri akamlipa mshahara wake wote kama sheria ya huku inavyotaka, sasa naye anadai: euro 1,940. Yaani nadaiwa na watu ambao Kashata hajawahi hata kuwabwekea.

Nianze na siku yenyewe. Tunaishi Berlin, ghorofa ya nne, jengo la zamani lisilo na lifti. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, giza la Novemba, nashuka kutupa taka. Kashata akanifuata. Kamba yake ilikuwa imening'inia palepale mlangoni, mkono ungeifikia, nikaiacha. Nani anamfunga mbwa kamba kwa ajili ya ngazi za ghorofa nne za kwenda jalalani? Kumbe sheria ya mbwa ya Berlin inazitaja ngazi za jengo waziwazi: mbwa awe kwenye kamba isiyozidi mita moja. Jirani alikuwa ameinama gizani anatafuta funguo zilizomdondoka. Alipoinuka ghafla, Kashata akashtuka, akamdaka kiganja.

Hakupiga hata kelele. Alisema neno moja la Kijerumani ambalo silitafsiri hapa, akaingia kwake kunawa. Mimi nilibaki nimeshika mfuko wa taka, nimekufa ganzi.

Usiku ule nilifanya kile ambacho mngefanya. Mke wangu alipika maandazi, nikashuka nayo na uso wa msiba, nikamwambia samahani, kosa ni langu, mbwa hakuwa na kamba, nitalipa kila kitu, na kama akitaka nitamwandikia kwa mkono wangu. Maandazi aliyapokea. Halafu, huku mkono umefungwa bendeji, akaanza kunigombeza, na wala si kuhusu mbwa. "Usiandike kitu! Usiahidi hela! Una Haftpflicht? Wapigie kesho asubuhi, hiyo ni kazi yao."

Haftpflicht ni bima ya dhima, ile inayomlipa mtu uliyemdhuru. Nilidhani amechanganyikiwa na maumivu. Mtu aliyeng'atwa anamfundisha mwenye mbwa namna ya kujikinga?

Ilinichukua miezi kuelewa kwamba hakuwa ananihurumia. Alikuwa anailinda hela yake mwenyewe. Ukiwa na bima ya dhima, kampuni ndiyo inayopima dai, kama ni la haki inalipa, kama limezidi inalipinga. Mimi nikianza kuahidi na kusaini makaratasi kwenye ngazi, naivuruga kesi, na yeye mwishowe atabaki na maandazi yangu na ahadi ya mbeba maboksi. Bora ashughulike na kampuni.

Sheria yenyewe ni ya zamani kuliko ukoloni wa Mwingereza kwetu. Kitabu chao cha sheria za madai kilianza kutumika tarehe 1 Januari 1900, na kifungu cha 833 kinasema mnyama akimuumiza mtu, anayemfuga atalipa. Kwa mbwa wa kufuga tu nyumbani hakuna cha kujieleza kwamba ulikuwa mwangalifu, kwamba ni mpole, kwamba hajawahi. Hata kibao cha "mbwa mkali" getini peke yake hakikuokoi. Wanaweza kukwambia kumbe ulijua kuwa ni mkali. Njia pekee ya kupunguza ni kuonyesha kwamba aliyeng'atwa naye alichangia, alimchokoza au alimkanyaga. Kuinuka na funguo si uchokozi.

Na hapa niseme ukweli unaoniaibisha. Bima ya Kashata sikuikata mimi, aliikata mke wangu. Euro 71 kwa mwaka. Nilimgombeza wiki nzima. Nilisema tuna bima ya dhima ya familia tayari, kwa nini tulipe mara mbili? Akaniletea mkataba akaniwekea kidole: bima ya familia inamhusu paka, inamhusu sungura, mbwa na farasi hawamo. Nikasema, na maneno haya yameniganda kooni mpaka leo, mama yangu hana bima ya afya, mbwa awe nayo? Akanijibu mbwa hana bima ya afya, mwenye bima ni mkono wa mtu mwingine. Na hapa Berlin ni lazima kisheria, si hiari, sawa na kumpandikiza chipu, kumsajili, na ile kodi ya mbwa ya euro 120 kwa mwaka inayokwenda kwa watu wa kodi kabisa. Mbwa analipa kodi, ndiyo. Cheka, halafu piga hesabu ya 120 kwa hela yetu uache kucheka.

Basi kesho yake nikapiga simu. Una wiki moja tu ya kuwajulisha tangu tukio, na laiti si jirani ningekuwa bado najipanga. Wakanitumia fomu ya kurasa nne. Mbwa alikuwa wapi, wewe ulikuwa wapi, taa iliwaka? Nikaandika ukweli wote pamoja na la kamba. Nilijua watasema uzembe wako, jilipie. Hawakusema. Bima ya dhima iko kwa ajili ya uzembe. Wanakukimbia ukiwa umekusudia.

Mkono ulivimba siku ya tatu. Meno ya mbwa yanaingiza uchafu ndani, halafu tundu la juu linajifunga, na kiganja kina kano nyingi. Jirani alilazwa siku mbili, wakafungua, wakaosha. Nilikwenda kumwona. Nilimuuliza kuhusu sindano za kichaa cha mbwa, akanishangaa. Daktari alimpa ya pepopunda tu na vidonge vya kuua vijidudu. Nilitaka kugombana na daktari. Nikaelezwa kwamba Ujerumani ilitangazwa haina kichaa cha mbwa kwa wanyama wa nchi kavu tangu 2008, kwa sababu kuanzia 1983 walikuwa wanawatupia mbweha porini chambo zenye chanjo ndani, nyingine wakizidondosha kwa ndege. Mbweha, jamani. Nilikaa kwenye kile kiti cha wageni nikimfikiria mbweha wa msituni anayefuatwa na chanjo mpaka shimoni kwake.

Mnajua kwa nini nilikwama hapo. Januari, kabla bahasha hazijaanza, mdogo wangu alinitumia sauti ya WhatsApp. "Kaka, shikamoo. Mtoto ameng'atwa na mbwa." Mtoto wake wa miaka saba, mimi ndiye baba yake mkubwa. Paja, meno manne. Mbwa mwenyewe anajulikana mtaa mzima, analala ndani ya geti la mzee mmoja mwenye duka, anakula ugali wa pale, na getini pameandikwa kwa rangi nyekundu MBWA MKALI. Mdogo wangu akaenda kwa mzee. Mzee akasema huyo? Huyo koko tu, anajipitia hapa kula makombo.

Mbwa akikimbiza wezi ana mwenyewe, aking'ata mtoto anakuwa koko siku hiyo hiyo.

Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikasemwa ujirani mwema, mzee akatoa pole na shilingi elfu ishirini, si kwamba amekubali, ni ubinadamu tu. Usiku vijana wakampiga yule mbwa mpaka akafa, wakidhani wamemsaidia mtoto, kumbe mbwa aliyeng'ata anafungwa na kuangaliwa siku kumi. Akibaki mzima siku hizo zote, unajua hakuwa na kichaa wakati anang'ata. Akishauawa hamjui kitu. Mtoto akawa hana budi kumaliza sindano zote, na zahanati ya karibu hazikuwepo, mpaka hospitali ya mkoa, nauli kwenda na kurudi, baba mtu amekosa kibarua, tena na tena. Nani alilipa? Nilituma mimi. Bei ya hizo sindano mnaijua wenyewe. Sikulalamika, na sikumwambia mdogo wangu asubiri hata saa moja, maana ugonjwa ule ukishaonyesha dalili hakuna daktari wa kuurudisha. Nilichomfokea ni kitu kimoja: mmeosha? Walikuwa wamepaka mafuta ya taa. Ni maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano, ndipo mtafute bodaboda.

Kwa hiyo mwezi Aprili, nimeshika barua ya euro elfu tatu, nilikuwa na hasira mbili na sikujua ipi ni ya nani. Mke wangu alisoma, akasema skani, tuma bima, usijibu kitu. Nikatuma. Ya mwajiri nikatuma. Jirani naye, kwa taratibu zao, aliiandikia bima, akadai fidia ya maumivu na koti lililochanika, akapata euro 659. Jumla ukiiweka pamoja inazidi kidogo 5,800. Mimi nimelipa 150, sehemu inayonihusu kwenye mkataba.

Mia na hamsini. Nilizolipa kwa ajili ya mbwa wa mzee wa duka, ambaye mbwa si wake, ni zaidi ya hapo.

Msidhani basi kwamba nawasifia Wajerumani. Baada ya hela yakafuata mengine. Ofisi ya mifugo ya wilaya ilituita, daktari akamzunguka Kashata, akafungua mwavuli ghafla, akaangusha kopo, akaandika. Tangu hapo ngazini anavaa kifuniko cha mdomo. Sawa, hilo nalikubali. Lakini bima, baada ya kulipa, ikatuandikia kwamba inavunja mkataba. Sheria inawaruhusu: baada ya tukio kila upande unaweza kujitoa. Na kampuni nyingine ukiomba, fomu inauliza umewahi kudaiwa? Ukidanganya umekwisha, ukisema kweli bei inapanda. Mbili zimekataa. Ya tatu inataka euro 164 kwa mwaka. Nitalipa, maana bila bima siruhusiwi kumfuga, na binti yangu ameshanitangazia kwamba Kashata akiondoka anaondoka naye.

Mnaokuja, hasa wanafunzi: kuna kazi za kutembeza mbwa wa watu. Hela yake si mbaya na wazungu wanakuamini haraka. Ila ukishamchukua mbwa kwa makubaliano ya kumwangalia, akimuumiza mtu hata wewe unaweza kudaiwa mpaka uthibitishe kwamba ulikuwa makini. Kabla hujashika kamba, muulize mwenye mbwa, bima yako inamhusu anayemtembeza? Usione aibu. Atakuona mtu wa maana. Kuna kijana wa kwetu alikuwa anatembeza mbwa watatu kwa mkupuo kwenye bustani akiwa na kamba mkononi na simu sikioni. Nilipomuuliza swali hilo alicheka akasema kaka wewe umeshakuwa Mjerumani. Labda.

Na bahasha za kidirisha zifungueni. Najua watu wanaozirundika juu ya friji kama vile zitapoa.

Juzi nilikutana na jirani ngazini. Kashata yuko kwenye kamba yake ya mita moja, mdomo umefunikwa, ananusa ukuta. Jirani ana kovu kama herufi V karibu na kidole gumba. Nikamuuliza mkono unaendeleaje, akasema kwenye baridi unauma kidogo, halafu akaniuliza kama mke wangu bado anapika vile vitu vya pembetatu. Nikasema anapika, nitaleta. Akaniuliza habari za mtoto wa mdogo wangu, maana nilimsimulia siku ile hospitalini mambo ya sindano, nikarudi kumsimulia tena Januari. Nikamwambia amemaliza zote, anacheza mpira.

"Na mwenye mbwa amelipa?"

Nilitafuta Kijerumani cha kusema koko. Sikukipata.