Ndoo na jino la Maji ya Chai

Mara ya kwanza kupima nguvu ya gundi ya meno sikutumia mashine. Nilitumia ndoo ya plastiki.

Nilikuwa mwanafunzi wa mazoezi kwenye kliniki ndogo ya meno pale Arusha mjini. Mimi ni mtoto wa Maji ya Chai, huko chini ya Mlima Meru, na meno yangu hukwambia hivyo kabla sijajitambulisha: kahawia, yenye mabaka. Floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya Meru na kuingia majini, tuliinywa tangu utotoni, meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, na kwenye makande tukaongezea magadi, ambayo nayo yana floraidi yake. Dokta alikuwa amenifunika meno mawili ya mbele kwa resini nyeupe, ile plastiki ngumu ya kuzibia meno. Wiki ya tatu moja likabanduka, nikila muhindi wa kuchoma stendi. Kipande nilikimeza.

"Shikamoo dokta. Limetoka."

"Marahaba. Mbona gundi ni ileile ya wengine?" Akaniangalia mdomoni kwa muda. "Haya, tupime."

Mashine za kazi hiyo zipo. Husukuma taratibu, milimita moja au chini yake kwa dakika. Sisi tulikuwa na fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Unga Limited, aliyetuundia stendi ya kubana jino lililozamishwa kwenye plasta. Meno ya kujifunzia nilifuata machinjioni. Nikaomba ya mbele, ya juu. Mchinjaji alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Dogo, unasomea meno halafu hujui ng'ombe hana meno ya mbele juu?" Akanipa ya chini. Ya binadamu yalikuwa matatu tu, yote ya kahawia, yaliyong'olewa kwa ugonjwa wa fizi. Wenyewe waliridhia tuyatumie.

Kila jino nililipaka asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 30, nikasuuza, nikakausha. Hapo enameli, ganda gumu la nje la jino, inatakiwa kuwa nyeupe kama chaki: asidi imeitoboa vitundu ambamo gundi itaingia na kujishikiza. Nikapaka gundi, nikaimulika kwa taa ya bluu, kisha nikajenga juu yake kifungo cha resini chenye kipenyo cha milimita 3, nikitumia kipande cha mrija wa soda kama kalibu. Usiku mzima yakalala ndani ya maji.

Asubuhi tukavisha kifungo kitanzi cha waya, tukaning'iniza ndoo, nikaanza kumimina maji kwa jagi la nusu lita. Jino la ng'ombe lilivumilia hadi lita 14, kisha pa! Ndoo ikatua, viatu vya dokta vikalowa. Pamoja na ndoo yenyewe ni kama kilo 15. Ukigawa kwa eneo la kifungo unapata megapaskali 21 hivi, yaani nguvu ya mvuto kwa eneo. Si haba.

La kahawia liliachia kwenye lita 4. Sikuwa hata nimejiandaa kukaa mbali.

Dokta akachukua lenzi. Kwenye jino la ng'ombe mabaki ya resini yalikuwa yameng'ang'ania. Hili lilikuwa safi, linateleza, kana kwamba halijawahi kupakwa kitu.

"Ulipolikausha jana lilikuwa jeupe?"

Halikuwa. Lilibaki linang'aa, niliona nikanyamaza, nikidhani ndiyo rangi yetu. Kumbe ngozi ya juu ya enameli iliyokolea floraidi hukaidi asidi, na sekunde 30 zilikuwa hazijafika popote.

La pili tukaliachia asidi dakika mbili nzima. Likafika lita 10. La tatu 11. Meno matatu si utafiti, na ndoo si mashine, najua. Lakini dokta alifuta mikono, akavuta kiti cha wagonjwa, akanionesha nikae.

"Fungua mdomo. Na uhesabu mwenyewe, mpaka mia na ishirini."

Nikahesabu kwa vidole, maana mdomo ulikuwa umejaa pamba.